Jikoni kwa Sauti ya Gati

Jumatatu, 9 Juni

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata padre: yale maharage ambayo ukoo mzima unamsifia dada yangu Gati, niliyapika mimi.

Mimi, Erasto, wa kidato cha pili, niliyepita jandoni Desemba. Tangu siku ile sitakiwi kuvuka kizingiti cha jiko la mama. Ndivyo ilivyo kwetu Wakurya hapa Kenyamonta. Kijana akishatahiriwa, jiko ni la wanawake, chakula kinamfuata alipo. Binamu yangu Ryoba, tuliyepita naye siku moja, anasema hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote. Mimi nililia kidogo. Watu walidhani ni kidonda.

Baba ni mpishi wa kambi ya watalii upande wa Natta. Anavaa kofia nyeupe na anakata karoti nyembamba kama njiti. Akija nyumbani mwisho wa mwezi hajui hata chumvi inakaa wapi. Hakuna anayeshangaa. Kule ni kazini, huku ni nyumbani.

Mama yuko Sirari kwa mama mdogo aliyejifungua. Jiko kaachiwa Gati, miaka kumi na tatu, ambaye uji wake wa mwisho ulishika sufuria mpaka sufuria ikatupwa. Tumekubaliana. Mimi napika, yeye analinda mlango, halafu namfanyia hesabu za likizo. Akiona mtu anakuja, aimbe pambio.

Ningemwacha apike mwenyewe, isingekuwa Babu Wangwe. Ijumaa Nesi Scholastica wa zahanati alimpima presha: mia na themanini kwa mia na kumi. Akampa vidonge. Akasema chumvi ipungue, mafuta yapungue, mboga ziongezeke, arudi Ijumaa tarehe ishirini. Isiposhuka anamwandikia rufaa ya hospitali kubwa. Babu akasema hospitali kubwa haendi. Mdogo wake Marwa aliingia kule akitembea, hakurudi. Na Babu akisema haendi, haendi.

Kwa hiyo ni mimi na sufuria. Siku kumi na moja.

Leo: maharage ya jana na ugali uliolala. Maharage niliyaponda na nyanya, kitunguu na kitunguu saumu. Mafuta hakuna. Chumvi ya kubana kwa vidole viwili tu, nikakamulia ndimu. Ugali nikaukata vipande, nikaukausha kwenye kikaango mpaka ukafanya ganda. Shule ya msingi tuliita mlo kamili, sekondari wanaita balanced diet, nyumbani tunaita kiporo.

Babu kamaliza sahani. Akamuuliza Gati nani kamfundisha. Gati akasema Roho Mtakatifu. Nimeshukuru sana, ingawa sijui nimshukuru yupi.

Jumanne, 10 Juni

Ryoba kaja. Kaninusa. Akauliza mbona nanukia kama kachumbari. Nikasema ni kitunguu saumu, natumia kama dawa ya mafua. Akasema vizuri, basi meza dozi ya leo nikuone, mura, kijana mwenzangu.

Nimetafuna punje nne mbichi mbele yake. Machozi yakanitoka. Akasema kweli nina mafua.

Namshukuru Mungu sikusema ni pilipili.

Alhamisi, 12 Juni

Siku nzuri. Gati alichuma mgagani nyuma ya zizi. Niliuchemsha, nikamwaga maji machungu, nikaupika taratibu na maziwa badala ya mafuta, kama Bibi alivyokuwa akifanya. Nilikuwa nakaa miguuni pake namtazama, wakati bado ni mtoto na hakuna aliyenifukuza. Dagaa wa juzi niliwaosha mara tatu, nikawarudisha motoni na nyanya.

Babu alifumba macho akitafuna. Akasema mgagani huu ni wa marehemu mke wake kabisa. Nilikuwa nimesimama na jagi la maji ya kunawa. Ikabidi nitazame ng'ombe.

Halafu akamsifia Gati mbele ya Mzee Nashoni, jirani yetu. Gati akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nilimwonya kabla kwamba unyenyekevu ukizidi unatia shaka. Hasikii.

Tatizo: Mzee Nashoni sasa anakuja kila siku saa ya kula. Mpango wangu wote unategemea chakula kubaki. Mzee Nashoni habakizi.

Jumamosi, 14 Juni

Nimesalitiwa.

Mchana nilimletea Babu viazi vitamu vya asubuhi, nimeviponda na mtindi na vitunguu majani. Nilipogeuka kuchukua jagi nikaona anatoa kopo lake la ugoro mfukoni. Anafungua, anabana kwa vidole, ananyunyizia kwenye sahani. Nikadhani uzee umeanza kumchanganya. Mtu hawezi kula viazi kwa ugoro.

Alipolala kwenye kiti nikalichukua kopo kutoka mfuko wa koti. Chumvi. Ile ya mawe, imesagwa, imejaa mpaka kwenye kifuniko.

Siku tano nimekamua ndimu mpaka vidole vinawasha. Siku tano nimenusa kitunguu saumu usingizini. Yeye anabeba chumvi yake kama mtu anayevusha mali mpakani Sirari.

Na aliyemletea sasa namjua. Mzee Nashoni alipoondoka alimpigapiga begani akasema, "Ikiisha uniambie, kaka."

Nilikaa nyuma ya zizi muda mrefu. Sikuwa na hasira kwa kweli. Nilikuwa nahesabu siku. Sita.

Jumapili, 15 Juni

Mpango mpya. Niliuwaza wakati wa mahubiri, Mungu anisamehe.

Babu alipokwenda kunyoa ndevu aliacha koti kitini, nikamwaga robo tatu ya kopo, nikajaza unga wa sembe. Nikatikisa. Kwa macho huwezi kujua.

Mchana: mchuzi wa dagaa, mwepesi, maji ya kutosha. Babu akanyunyiza. Akaonja. Akanyunyiza tena. Akaonja. Akanyunyiza kama mtu anayepanda ulezi. Mchuzi ukaanza kuwa mzito. Mwisho ukawa uji wa dagaa, kijiko kinasimama.

Akaula wote. Akamwambia Mzee Nashoni chumvi ya siku hizi haina nguvu, viwanda vimeharibika. Mzee Nashoni akakubali, akasema hata kiberiti si kile cha zamani. Akaahidi kumletea nyingine, ya mawe makubwa zaidi.

Gati kanicheka mpaka kakaa chini. Hesabu zake zote za leo nimezikosea makusudi. Atajua shule ikifunguliwa.

Jumanne, 17 Juni

Hili lazima niliandike.

Nilikuwa jikoni. Makande ya jana, nayachemsha upya na majani ya maboga na karanga za kusaga. Gati mlangoni. Ndivyo nilivyodhani. Kumbe kaenda kucheza rede kwa akina Mokami, kaacha kanga yake juu ya kigoda kama mlinzi.

Hakuna pambio. Nikasikia fimbo. Ko. Ko. Ko. Ikasimama nje ya kizingiti.

Babu hajavuka kizingiti cha jiko tangu enzi za Uhuru, na hakuvuka leo. Alisimama nje, ndani giza na moshi. Akaita, "Gati, upo?"

Sijui ni akili gani ilinituma. Nikajifunika kichwani kanga ya mama iliyotundikwa ukutani, nikabana pua, nikaitika kwa sauti nyembamba kwamba nipo, shikamoo Babu.

Akaitikia marahaba. Akasema sauti yangu imekuwa nzito, ninywe tangawizi. Nikasema sawa Babu. Sauti ilikatika katikati ya sawa, nusu Gati nusu fahali.

Nikamsikia akikaa kwenye kigoda. Nikajua mambo yamekwisha, maana mtu anayepita njia hakai. Akasema ana ujumbe kwa kaka yangu, na kwa vile kaka yangu hawezi kuwa jikoni, yeye ni mwanamume, basi mimi Gati nimfikishie.

Wa kwanza: asitie tena sembe kwenye kopo la mzee. Amekula uji wa dagaa Jumapili nzima kwa heshima tu.

Wa pili, nimwambie kwamba Babu anajua chumvi ni mbaya. Si mjinga. Ila tangu Nesi amtajie hospitali kubwa, chakula kisicho na chumvi kinamkumbusha Marwa. Alimpelekea uji kule siku ya mwisho. Marwa akasema hauna ladha, niletee kesho wenye chumvi. Kesho yake haikuwako.

Makande yakaanza kushika chini, sikuyakoroga. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwambie naogopa Ijumaa, Gati. Yeye nitashindwa kumwambia."

Nililia ndani ya kanga. Safari hii si kitunguu. Nikasema, na sauti ya Gati sikuikumbuka vizuri, nikasema Babu, kaka anaogopa pia. Anakuomba siku tatu tu. Siku tatu bila kopo. Atakutafutia ladha kwingine.

Nilisikia fimbo ikiondoka. Nilipochungulia, kopo lilikuwa juu ya kizingiti, katikati kabisa, si ndani wala si nje.

Namshukuru Mungu kwa ajili ya mzee huyu. Makande yaliungua kidogo. Alisema moshi umeyapa ladha.

Alhamisi, 19 Juni

Siku mbili bila chumvi mfukoni. Tangawizi, ndimu, kitunguu saumu, bizari kidogo. Leo kisamvu cha jana na karanga, na boga la kuchemsha.

Mzee Nashoni alikuja na karatasi ya chumvi ya mawe. Babu akamwambia airudishe kwa ng'ombe wake. Mzee Nashoni akalalamika kwamba nyumba hii sasa inakula kama wagonjwa. Akalalamika na sahani ya pili pia.

Ijumaa, 20 Juni

Nilimsindikiza Babu zahanati. Tulikaa kwenye benchi kwa muda wa saa mbili. Alishika fimbo kwa mikono miwili, mimi nikashika koti lake. Mfuko ulikuwa mtupu. Nilipapasa mara tatu.

Nesi Scholastica akafunga mpira mkononi, akapima. Akapima tena. Mia na hamsini kwa tisini. Akasema bado iko juu, vidonge viendelee na asijidanganye, lakini imeshuka vizuri, rufaa haandiki leo.

Babu alitazama ukutani. Halafu akaniambia, "Mura, niletee maji," na maji hakuyanywa.

Nesi akauliza nani anampikia. Babu akasema ni mjukuu wake, Gati. Nesi akafurahi, akasema Jumanne ana akina mama wa kliniki, Gati aje awaonyeshe mapishi ya viporo bila mafuta. Niliona jua linazima. Gati akiwasha moto hapa zahanati, zahanati itaungua yote.

Babu akakohoa. Akasema Gati ana haya mno, labda aje na kaka yake wa kumbebea sufuria. Na kwa kuwa atakuwa amesimama tu pale, anaweza naye kusema neno.

Nesi akanitazama, akatazama vidole vyangu vya njano ya bizari. Akaandika jina langu kwenye daftari. Langu.

Njiani sikuweza kusema asante. Nilikohoa, nikatema mate kando, nikasingizia vumbi. Babu akanitazama mimi, akasema Gati aache kulia barabarani, watu watamwona.

Jumamosi, 21 Juni

Asubuhi Babu kaniita nyuma ya zizi, pale wanaume wanapochomea nyama. Akaniamuru nihamishie pale mafiga matatu na kikaango. Akasema anachopika mwanamume pale nje hakuna mila inayokiuliza. Ryoba alikuwepo, mdomo wazi. Babu akamuuliza kama anataka kula au anataka kusimama. Ryoba akakaa. Alikula mgagani wa maziwa, akaomba tena, akasema kwa sauti ya chini kwamba mafua yangu ni matamu.

Babu kaweka sharti moja tu. Siri basi. Kila kinachoingia kwenye sahani na kikombe chake aambiwe. Yeye kaacha kopo, mimi niache ujanja. Nikaapa kwa moyo wote. Sijawahi kushukuru hivi. Kwa Babu, kwa Bibi na mgagani wake, kwa Nesi, hata kwa Mzee Nashoni anayesafisha masufuria bila kuombwa.

Hayo ni ya asubuhi. Sasa ni alasiri na upepo nyuma ya zizi ni mkali, unapeperusha majivu, kwa hiyo nimerudi jikoni. Kwa muda tu. Gati yuko mlangoni.

Jambo lenyewe ni chai. Babu anaweka vijiko vinne vya sukari. Vinne, sikuwahi kuhesabu. Nimepata wazo. Kijiko cha sukari nakibadilisha na kile kidogo cha dawa ya mtoto alichosahau mama mdogo mwaka jana. Kila siku nne nakigonga kidogo kina kizidi kupungua. Ataendelea kuhesabu vinne. Hatajua kamwe.

Nasikia kitu.

Gati, kama ni wewe, imba. Haimbi.

Ko. Ko. Ko.

Ukurasa naufukia ndani ya debe la unga. Kanga iko wapi. Nabana pua.