Namba Iliyopo Ibaki

Idara ya Vibali vya Mabango ina furaha isiyo kifani kuutangazia umma kwamba imeingia rasmi mtandaoni, baada ya vikao kumi na vinne, semina mbili na chai isiyo na idadi. Hivyo ndivyo tangazo lilivyosomeka kwenye ubao wa mapokezi, limegongwa mihuri mitatu, mtu asije akadhani ni uzushi.

Aliyesahaulika kwenye tangazo ni binti wa mafunzo. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, anasomea usanifu wa tovuti, na chuo kilimleta idarani miezi mitatu ajifunze kazi kwa vitendo. Alichotaka pale kilikuwa kimoja tu: Mkurugenzi amjazie fomu ya tathmini, airudishe chuoni kabla Ijumaa ya mwisho haijaisha. Akiikosa, anarudia mwaka mzima huku wenzake wakivaa majoho.

Siku ya kwanza alimwonyesha Mkurugenzi kazi zake za darasani, zote tatu: tovuti ya shule ya chekechea ambayo haipo duniani, tovuti ya klabu ya mpira ya chuo, na tovuti ya shangazi yake, fundi cherehani wa mtaa wa nyuma. Mkurugenzi aliipenda hiyo ya tatu kwa sababu ina zambarau. Akaagiza ndiyo iwe ya idara, ila ile picha ya cherehani pale juu itolewe, awekwe yeye.

Cherehani ikatoka, akaingia yeye na tabasamu lake, skrini nzima. Ikaundwa Kamati ya Vitufe, ikakaa siku tisa kujadili kama mwananchi anastahili kubofya moja kwa moja au aombe kwanza. Kazi ya watu wazima hiyo, usicheke.

Ugumu ukaja kwenye kisanduku cha simu. Namba iliyokuwemo ilikuwa ya shangazi, na binti aliuliza aweke ipi ya idara. Mkurugenzi alimtazama kwa huruma.

"Binti, umma ukipewa namba, utapiga."

Mjumbe mmoja akapendekeza kisanduku kiachwe kitupu. Mkurugenzi akasema kisanduku kitupu kinaleta sura ya uzembe, na ile namba ina tarakimu za kutosha. Binti akaeleza tena kwamba ile namba ni ya mtu, na mtu mwenyewe ana shughuli zake. Lakini kikao kilikuwa kimeshafika kwenye mengineyo, na mengineyo yalikuwa chai. Muhtasari ukaandikwa: namba iliyopo ibaki.

Chini kabisa ya tovuti ikawekwa: Ubunifu ni wa Mkurugenzi. Na kwenye fomu, penye nafasi ya kueleza kazi iliyofanyika, Mkurugenzi aliandika maneno mawili: Mwanafunzi alikuwepo. Hakuweka sahihi. Akaifungia kwenye droo mpaka, kwa kauli yake, tovuti ianze kuonyesha matunda. Binti aliumia, tena sana, lakini akameza. Angefanya nini?

Huku nyuma simu ya shangazi haikupumua. Binti alikwenda kumwomba radhi, akaahidi kuifuta ile namba kwa siri, liwalo na liwe. Shangazi akatoa pini mdomoni.

"Uifute kwa nini? Mwaka wa tatu huu nazunguka ofisini kwenu kutafuta kibali cha bango langu. Yote niliyojifunza kule nimwachie nani?"

Basi akawa anapokea. Huyu anaambiwa aende dirisha la tatu, la kwanza ni la mapambo tu. Yule anaambiwa abebe nakala mbili, na asifike kabla ya saa nne na robo, bwana wa mafaili hajashiba. Watu wakaanza kupata vibali. Malalamiko yakashuka nusu nzima, jambo ambalo halijawahi kutokea, na wizara ikashtuka ikadhani idara imefungwa.

Ndipo Katibu Mkuu wa wizara, mama mmoja mkavu wa maneno, akaja mwenyewe kutoa pongezi. Ilikuwa Alhamisi, kesho yake ndiyo siku ya fomu. Mkurugenzi alihutubia nusu saa juu ya usiku aliokesha akibuni. Mama yule akamsikiliza, kisha akatoa simu yake, akapiga namba ya kwenye tovuti na kuweka spika.

"Sema upesi, nina gauni la bibi harusi mkononi," ikajibu sauti, na cherehani inanguruma nyuma yake.

Katibu Mkuu akasema anataka kibali cha bango. Akatajiwa dirisha, nakala na saa, bila kigugumizi. Akauliza kama amwone Mkurugenzi.

"Huyo usihangaike naye. Jumatatu yuko semina, Jumanne amechoka na semina."

"Na wewe ni afisa wa cheo gani?"

"Mimi ni fundi cherehani, mama. Nasubiri kibali."

Mkurugenzi akawahi kujitoa. Akasema tovuti ile ni ya huyu binti, yeye hakuigusa. Katibu Mkuu akamwomba aandike hivyo. Droo ikafunguliwa fasta, fomu ikatoka, yale maneno mawili yakakatwa. Akaandika kwa mwandiko mzuri kabisa: Kazi yote, pamoja na namba ya simu, ni ya mwanafunzi huyu peke yake. Mkurugenzi hakuhusika kwa namna yoyote. Sahihi, muhuri.

Katibu Mkuu akaisoma mara mbili, akaipiga picha, akamkabidhi binti.

"Hongera, mwanangu. Kitu kimoja tu kinafanya kazi kwenye jengo hili, na bosi wako amethibitisha kwa maandishi kwamba hahusiki nacho."

Ijumaa fomu ikafika chuoni. Jumatatu ubao wa mapokezi ukapata tangazo jipya, mihuri mitatu vilevile: Idara ina furaha kuutangazia umma kwamba aliyekuwa Mkurugenzi sasa anapatikana dirisha la kwanza, ambako atapokea simu.

Ilipofika saa mbili kamili simu ikalia. Alikuwa shangazi.

"Ni kuhusu bango langu," alisema. "Chukua kalamu, nitakusomea polepole."