Kumi Kamili la Mapera

Kwa heshima na taadhima inatangazwa kwamba kata yetu, hapa kwenye delta ya Mekong, imekuwa ya kwanza nchini kupata Kamati ya Kuratibu Ujumlishaji wa Kichwani. Tangazo lilisomwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwenye kipaza sauti cha nguzoni, mara tatu, ili na bata wa jirani wasipitwe.

Waraka ulijaa hekima. Zamani watoto walijumlisha ovyo: huyu kwa vidole, yule kakumbuka tu. Sasa njia ni moja. Ukiulizwa nane na tano, unamega mbili kwenye tano, unaijazia nane iwe kumi, unaitamka hiyo kumi, ndipo unaongeza tatu iliyobaki. Hatua nne, kila moja na fomu yake. Jibu likiwahi ni kosa, hata likiwa sahihi.

Sisi wachuuzi tulipata waraka wetu wa pili. Sokoni kwetu, tangu enzi za bibi yangu, anayenunua kumi la matunda hupewa kumi na mawili. Kamati ikaona hilo linawachafulia watoto kumi zao, ikapiga marufuku. Nikatii. Nisitii kwa nini? Mawili yalibaki kapuni mwangu.

Kisha wakampima mjukuu wangu, Diễm, wa darasa la kwanza. Bwana Khiêm, makamu mwenyekiti wa Kamati, akamuuliza nane na tano.

"Kumi na tatu."

"Hatua ya pili iko wapi?"

"Sijaiona, mjomba. Nimefika tu."

Akaandikwa kwenye orodha ya kurudia darasa. Wenzake wote wanapanda la pili. Mtoto alilia mpaka wali ukampoa mbele yake. Mwalimu wake, Thoa, alinieleza kwa upole kwamba mkono wake umefungwa na Kifungu cha Tisa: mkazi yeyote atakayejumlisha bila hatua ataandikwa, bila kujali umri wala cheo. Kifungu hicho alikitunga Bwana Khiêm mwenyewe. Hapo kwenye cheo, nasikia, alipigiwa makofi.

Jumamosi Bwana Khiêm akaja kwangu sokoni kutaka makumi matatu ya mapera, ya kikao. Mwalimu Thoa alikuwa pale akiyabonyeza yaliyoiva. Nikahesabu taratibu, moja moja, nikiyapangusa vumbi. Thelathini.

Akakunja uso. "Bi Sáu, acha mchezo. Mimi mzaliwa wa hapa. Yangu ni thelathini na sita."

Diễm, aliyekuwa anapanga majani ya kufungia, akainua kichwa. "Mjomba, hatua ya pili iko wapi?"

Muuza samaki akajifanya anakohoa. Mwalimu Thoa akafuta mikono, akatoa orodha mkobani, akaandika jina jipya chini ya la Diễm, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni.

"Mwalimu, hebu tuelewane."

"Tumeelewana, bwana. Madawati ni mafupi kidogo, ila utazoea."

Jumatatu alfajiri kipaza sauti kikatangaza kwamba waraka wa ujumlishaji umefutwa kwa kufanikiwa kupita kiasi, na wote waliomo kwenye orodha wamefaulu. Diễm akaenda la pili na mkoba mpya.

Juu ya mapera hakikusema kitu.

Kwa hiyo juzi Bwana Khiêm alipokuja kutaka kumi, nikamhesabia kumi. Akasimama, anasubiri. Nami nikasubiri. Mimi nina subira sana.