Siku Injini ya Mama Marcella Ilipopandishwa Mezani

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye pia ni mimi, Bwana Chifu, Naibu wa Bwana Chifu pamoja na msaidizi wa naibu wake, Mchungaji Gitari, ambaye naona anatazama saa, wazee wenye kofia na wasio na kofia, akina mama wa kikundi, mliopanda kilima hiki tangu alfajiri na mitungi ya maji mgongoni, Bwana Harusi Kirimi, uliyevaa suti ya kijivu, ambaye nimeambiwa bibi harusi wako Wanja amesimama sasa hivi ng'ambo ya bwawa pamoja na kwaya nzima akingoja mashua, na mwisho kabisa, Mama Marcella, mwenye ua huu na mwenye mashua yenyewe: hamjambo? (Hatujambo!) Hamjambo tena? (Hatujambo, harakisha!)

Asanteni. Mimi, kwa wachache wasionifahamu, ni Ephantus Njuki, Afisa Mratibu Mwandamizi wa Utunzaji wa Injini za Majini katika Sehemu Zisizo na Bahari, na nimetumwa kuzindua rasmi, mbele yenu na mbele ya historia, mradi mkubwa wa kumwezesha mwananchi wa kawaida kutunza na kutengeneza injini ya mashua akiwa nyumbani kwake, bila fundi, bila gharama, na ikiwezekana bila injini. (Makofi machache. Kicheko.)

Injini mnayoiona mezani, juu ya kitambaa hiki cheupe, vijana wangu waliing'oa kwenye mashua leo asubuhi ili kila mtu aione bila kulowa miguu. (Sauti ya Mama Marcella: "Na mlisema ni dakika kumi!") Ni kweli, mama, dakika kumi, lakini za kiserikali. (Kicheko kikubwa.) Bwana Harusi, keti. Ndoa ni jambo la maisha yote, na hotuba yangu ina kurasa kumi na tisa tu.

Nitaanza na takwimu. Mradi huu tayari umefanyiwa majaribio, yaani pilot project, katika maeneo matatu. Kule Kianjai, tangu tulipoanza, hakuna injini hata moja ya mashua iliyoharibika. Hata moja! (Sauti: "Kwani Kianjai kuna mashua?") Hilo ni swali la phase two, awamu ya pili. Kule Mitunguu tulifanya semina ya siku nne katikati ya migomba, na asilimia tisini na nane ya waliohudhuria walisema chakula kilikuwa kizuri. Kule Karurumo kibao chetu kilisimama wiki nzima bila kuibwa. Kwa hivyo nyinyi hapa mna bahati kubwa, kwa sababu ni mahali pa kwanza katika mpango wetu wote ambapo, kwa mujibu wa ripoti, kuna maji.

(Sauti ya Mama Cicily, rafiki wa Marcella: "Bwana Afisa, Wanja anapunga leso kule ng'ambo! Hiyo nyekundu!") Nimeiona, mama. Mpungieni na nyinyi, mwambieni anashiriki katika mradi akiwa mbali. (Mchungaji Gitari anasimama: "Mimi saa kumi naondoka, nina ndoa nyingine huko juu. Nisipowaona kanisani hapa kilimani kabla ya saa kumi, itakuwa ni mwezi ujao.") (Bwana Harusi anashika kichwa.) Asante, Mchungaji. Hoja yako imepokelewa na itawekwa kwenye faili.

Sasa niingie katika mafundisho yenyewe, ambayo idara yangu iliyatafiti kwa undani hapa hapa jana jioni, wakati Mama Marcella alipokuwa akiosha injini yake nasi tukiandika. Kwanza, petroli ya injini hii haimwagwi hivi hivi. Huchanganywa na oili, chupa moja ya soda ya oili kwa lita kumi na tano za petroli. Pili, plagi, ile ya kutoa cheche, husuguliwa kwa mswaki wa zamani. (Sauti: "Wa nani?") Wa mume wake, nadhani, ripoti haisemi. (Kicheko.) Tatu, pale chini kwenye giya, oili ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, hiyo ni dalili ya afya njema. (Mama Marcella: "Ni dalili ya maji kuingia! Utaua watu na injini zao!") Marekebisho yamekubaliwa. Andikeni, dalili ya maji.

Nne, na hiki ndicho kilele cha leo, injini huwashwa nyumbani ili kusafishwa matope ya bwawa, na mimi sasa nitavuta kamba hii kwa mkono wangu mwenyewe, hivi ilivyo hapa mezani, kama ishara ya... (Kelele. Mama Marcella amepanda jukwaani na kuishika kamba.) Mama, tafadhali, mpiga picha yuko tayari. ("Wacha apige picha mkono wangu! Injini hii hunywa maji ndipo ipoe. Ukiiwasha kavu, ile pampu ndogo ya mpira ndani inaungua kabla hujamaliza kutabasamu. Halafu Wanja atavuka na nini? Na hotuba?") (Vigelegele.)

Mama Marcella, tusigombane mbele ya wageni. Serikali haiwezi kushindwa na maji. Si nilielezwa kwamba injini huning'inizwa kwenye pipa lililojaa, na kwamba kina mama hawa walibeba mitungi ishirini na miwili kutoka bwawani kulijaza? Basi, vijana, shusheni injini ndani ya pipa. (Kijana anachungulia. Anagonga pipa, nalo linalia kama ngoma.) Limekauka? Limekaukaje? Gachoki! Dereva wangu Gachoki, njoo mbele. ("Bwana, si ulisema vumbi la barabara limeaibisha Land Rover na lazima ing'ae kwa picha? Niliosha nje, nikafungua boneti, nikaosha na ndani.") (Mama Cicily: "Wewe kijana! Hayo maji nimeyabeba na mgongo huu! Ungeniosha mimi!") (Kicheko cha muda mrefu. Mzee mmoja anafuta machozi.)

Utulivu. Utulivu, nimesema. Huo nao ni utunzaji wa injini nyumbani, tena ya ukubwa zaidi. Ninapendekeza tuunde kamati ndogo ya maji, ikutane, ilete mapendekezo... (Mama Marcella: "Maji yako pale chini, mengi, na hayana kamati. Kirimi, mwanangu, vua koti la suti. Shika huku. Cicily, chukua tangi la petroli. Twende!") (Bwana Harusi ameibeba injini begani. Watu wanasimama. Viti vinaanguka.)

Ningependa ijulikane kwamba ninaidhinisha jambo hilo. Kwa mamlaka niliyopewa, ninahamisha rasmi maonyesho haya kutoka mezani hadi bwawani. Polepole, Mchungaji, usikimbie na viatu hivyo. Nyinyi mnaobaki, tuko ukurasa wa sita. Mnaobaki... Gachoki, unabaki? Vizuri. Na kuku wale pia.

(Kutoka chini, injini inakohoa mara mbili, kisha inanguruma. Vigelegele pande zote mbili za bwawa.)

Umesikia? Phase one imefaulu. Sasa tumalizie kwa kauli mbiu, Gachoki, nami unijibu kwa sauti. Injini safi! ("Injini safi.") Nyumba safi! ("Nyumba safi, bwana, lakini gari halitaki kuwaka. Nimejaribu. Nadhani maji yameingia kwenye plagi.") Jaribu tena. (Gari linakohoa, linanyamaza.) Fundi wa karibu yuko wapi? ("Yuko katikati ya bwawa, bwana. Yule mwenye kitambaa cha bluu kichwani, anayeendesha mashua yake.")

Basi, nikingoja, nitoe shukrani. Ninamshukuru Mama Marcella kwa injini, ambayo ni yake. Kwa pipa, ambalo ni lake. Kwa spana na mswaki, vyake. Kwa mafundisho yote, yake pia, hata niliyoyakosea. Na kwa wakshopu yetu ya kisasa, yaani karakana, ambayo kibao kikitolewa mlangoni mtaona ni jiko lake. Kibao chenyewe ndicho chetu. Gachoki, kitoe bila kupinda misumari, ndio mradi wote tulio nao, na Jumanne kinatakiwa kwingine.

(Mashua imefika. Kwaya inapanda kilima ikiimba. Wanja anacheka, pindo la gauni limelowa, na Kirimi amembebea viatu. Mchungaji yuko mbele yao wote, saa mkononi. Ni saa tisa u nusu.)

Mama Marcella, karibu, karibu nyumbani. Nina swali dogo, si langu, ni la dereva wangu. Kuhusu plagi zilizolowa. ("Zitatolewa, zitakaushwa, na gari litawaka. Lakini baada ya harusi, Bwana Afisa. Njoo kwanza ule. Na hicho kibao kilete kanisani, keki haina meza.")

Gachoki, beba kibao. Halafu andika katika ripoti kwamba leo, kwa mara ya kwanza, mradi umetumika.