Daktari wa Shingo za Vifaranga

Bwana Koti hakuwahi kusomea kuku, ila alikuwa amekula wengi. Jioni moja alipita uani kwa fundi cherehani, akaona vifaranga kumi na wawili wametoka kula, kila mmoja ana uvimbe mdogo chini ya shingo. Ule ni mfuko wa chakula tu, hujaa mchana na kupungua usiku. Yeye akaona mlango wa riziki.

"Pole, dada," alisema, akavaa koti lake jeupe na kumwekea kifaranga kipimo cha moyo. "Huo ni uvimbe mbaya. Kesho utawakuta miguu juu. Nipe nikawazike mbali, wasije wakaambukiza mtaa mzima."

Fundi alilia. Alitaka kuwakuza, awauze, anunue cherehani yake mwenyewe aachane na ya kukodi. Hata hivyo alimpa boksi, na kitambaa cha kuwafunika wasipate baridi njiani. Moyo wa mtu!

Asubuhi na mapema, kabla hata kuku hawajalishwa, Bwana Koti alishika njia ya sokoni, boksi kwapani. Nyumba ya tatu akachungulia banda la bibi mmoja mjane. Macho yakamtoka. Vifaranga kumi na wawili, wakubwa kuliko wake, shingo zimejaa ajabu!

"Hodi! Shikamoo, bibi. Mimi daktari. Hawa wako ni wagonjwa."

"Marahaba, mwanangu. Wagonjwa kweli?"

"Mahututi! Lakini mimi nina huruma. Chukua hawa wangu, nimeshawatibu. Hao wako niachie mimi."

Bibi akafunua boksi. Kila kifaranga alikuwa na uzi wa buluu mguuni. Uzi huo aliujua: ni wa fundi, mtoto wa dada yake, aliyemlilia usiku kucha. Bibi hakupepesa jicho.

"Lakini wangu wana miili, daktari. Si nitapunjika?"

"Bibi, unataka unene au uhai?"

"Haya, baba, umenishinda. Ila uwape maji ya vuguvugu na tone la mafuta, uwasugue shingo polepole."

"Ndiyo, ndiyo," alijibu, tayari yuko barabarani.

Sokoni, mama muuza kuku alibonyeza shingo ya kwanza. "Wamekula saa ngapi hawa?"

"Leo hawajaonja kitu, mama."

"Hawajala, na shingo zimejaa asubuhi yote hii? Tena ngumu kama kokwa! Wamedonoa maranda ya bandani, yamewaziba. Baba, niondolee msiba wako mezani."

Bwana Koti alirudi akitweta. "Bibi! Umenipa wagonjwa!"

"Si ulinipimia mwenyewe? Ulisema mahututi." Nyuma yake fundi alikuwa akiwamwagia vifaranga wake chakula, ameshika mbavu kwa kicheko. "Sasa kaa hapo. Maji haya, mafuta haya. Ukikimbia, mtaa mzima utasikia wewe ni daktari wa nini."

Akakaa. Ukweli usemwe, mikono yake ilikuwa laini. Alisugua mpaka jua likawa utosini, mpaka shingo ya kumi na mbili ikalainika na kifaranga wake akaanza kulia njaa.

Bibi akamletea sahani ya chakula. Nyuma ya bibi walisimama majirani wanne, kila mmoja na kuku wake kwapani.

"Wasalimie, daktari," alisema bibi. "Nimewaambia hutozi kitu."