Kopo Zima kwa Kila Mche

Jumatatu, 1 Septemba
Nimeshtuka! Nimepita kwa jirani, doña Eulogia, mjane wa miaka sabini. Miche yake ya yerba mate, ile ya majani ya kunywa kama chai, inamfika kiunoni. Yangu, iliyopandwa wiki ileile, inanifika kwenye kifundo cha mguu, tena ya manjano! Mke wangu Herminia kasema udongo umepungukiwa naitrojeni. Eti mtaalamu wa ushirika alishauri mbolea ya urea, kiganja kidogo, mbali na shina. Kaongeza kwamba shamba ni urithi wake, na miche ikifa, atampa Eulogia alilime. Eulogia! Nikausukuma muhogo kando.

Alhamisi, 4 Septemba
Kiganja ni cha waoga. Nimemwaga kopo zima kwa kila mche, shinani kabisa, mizizi isihangaike kutafuta. Miche mia mbili ishirini. Sina mgongo. Nikaenda kumwambia Eulogia ajiandae kuona wivu. Akanipa kibuyu chake cha yerba ninywe, akasema, "Haya, don Casimiro, macho ninayo."

Ijumaa, 12 Septemba
Mungu wangu! Majani yameungua, meusi kingo zote, yamejikunja kama yamepitishwa motoni. Nimesema ni baridi. Herminia akasema kwa Eulogia hiyo baridi haikupita? Akalia, maana baba yake ndiye aliyefyeka msitu pale. Kisha kafuta machozi: udongo upelekwe maabara, ijulikane kilichoua.
Maabara! Wataliona kopo langu!

Jumapili, 14 Septemba
Herminia kanituma nijaze mfuko wa udongo. Eulogia yuko kanisani. Nimeruka seng'enge, nimejaza kwake. Suruali imechanika. Akili nyingi!

Jumanne, 30 Septemba
Sijawahi kuaibika hivi. Mtaalamu kaja na karatasi, kasoma mbele ya Herminia na Eulogia. Udongo bora kabisa, haukosi kitu. Nikatabasamu. Kisha kavua miwani, kanitazama.
"Basi, don Casimiro, kama udongo ni mzima, kilichoharibika ni mkulima."
Eulogia alicheka mpaka akashika mti. Ningesema nini? Kwamba niliiba udongo? Herminia kampa shamba palepale. Eulogia kachimbua, kafukua urea, kaonja chembe kwa ncha ya ulimi, katema. "Wee mwanamume! Ulikuwa unakausha nyama kwa chumvi?"

Alhamisi, 23 Oktoba
Wameimwagia miche maji mengi na kufunika shina kwa majani makavu. Miche mia na themanini inachipua. Nimeshtuka. Arobaini iliyokauka wameniachia mimi, nijifariji.
Nimefikiri sana. Kosa lilikuwa aina ya mbolea. Leo nimeleta chokaa, magunia sita. Mtaalamu kanikuta nikishusha, akapiga kelele kwamba yerba hupenda udongo mchachu, chokaa itaimaliza. Bila shaka alikuwa anazungumzia yerba ya watu wengine.
Nimeanza na makopo mawili kwa kila mche.