Nimemshitaki Mwizi wa Nyimbo Zangu, Ambazo si Zangu

Leo nimejipeleka polisi kwa miguu yangu. Sikukamatwa, sikuitwa. Nilivaa kitenge cha sikukuu, nikapanda pikipiki, nauli nikalipa mwenyewe, nikaenda kujichongea. (Wanakundi mlioko mbali, kaeni vizuri kwanza. Na wewe Asha wa Kindu, najua utacheka kabla ya kufika mwisho. Nakuona.)

Kazi yangu mnaijua. Nina kibanda sokoni hapa Kasongo, mbele ya wauza chumvi: ordinatere moja, kompyuta ile ya kupakata, sahani ya umeme wa jua juu ya bati, na bafle, yaani spika, la kuita wateja. Mtu analeta telefone au karte yake ya memori, namjazia nyimbo, anaenda zake. Wachimbaji wanaorudi Salamabila ndio wateja wangu wazuri, maana kule machimboni mtandao ni wa kubahatisha na mtu anataka muziki wa kumtosha mpaka atakaporudi mjini. Wa kutoka Wamaza wanakuja na baiskeli, telefone imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Nyimbo nazishusha mtandaoni asubuhi, kabla watu hawajaamka kuugombania mtandao. Na kila karte ya mteja inayoingia kwenye mashine yangu, nikiona ina kitu kizuri, nakinakili. (Mimi nilikuwa naita hiyo bidii.)

Shida ya kazi yetu ni wezi. Nawaambia kweli, msicheke bado. Unahangaika kukusanya nyimbo, anakuja mtu na karte moja, unamjazia, kesho naye amefungua kibanda kwa jasho lako. Basi nikapata akili. Nilirekodi sauti yangu nikaipachika katikati ya kila wimbo:

"Hii wimbo ni ya Mama Zuhura, Kasongo sokoni. Kwa mwingine ni ya wizi."

Nilirekodi nikiwa nimejifunika blanketi ili kuku wasisikike. Hata hivyo jogoo wa jirani aliwika mwishoni, mara tu baada ya neno "wizi". Nikamwacha. Niliona anakazia maneno.

Sasa, hivi karibuni kuna mwanamume anaitwa Bonane, zamani mchimbaji wa Salamabila, amefungua kibanda ng'ambo ya barabara, tunatazamana mlango kwa mlango. Biashara ni ileile yangu. Leo asubuhi nafungua kufuli, nasikia bafle lake linapiga muziki, muziki, halafu mimi. Sauti yangu kabisa. Na jogoo wangu.

Hakujisumbua hata kuifuta! Damu ikanipanda kichwani. Nikavuka barabara bila kutazama pikipiki.

"Bonane, hizi nyimbo umezitoa wapi?"

"Kwako, Mama. Si uliniwekea kwa karte yangu siku ile? Ukanipa na asante."

"Nilikuwekea ya kusikiliza. Sikukuambia uuzishe watu."

"Usikasirike, Mama Zuhura. Jina yako iko ndani. Miye nakufanyia piblisite ya bure, natangaza kibanda yako."

Wauza chumvi wakacheka. Hapo ndipo nilipotamka neno polisi, na mimi nikishatamka neno mbele ya wauza chumvi, siwezi kulimeza. Wangenisema mpaka Ramadhani.

Nikarudi nyumbani kubadilisha nguo. Mume wangu, Baba Zuhura, alikuwa anakunywa chai.

"Unaenda kumushitaki juu ya nini?"

"Ameiba nyimbo zangu."

Akaweka kikombe chini. "Zako?"

"Zangu."

"Weye umeimba wapi, Mama Zuhura?"

Nikamjibu kwamba yeye haelewi mambo ya teknolojia. (Huyu mume huwa hasemi sana. Kila akiniuliza swali fupi ningepaswa kukaa chini na kulifikiria. Sijawahi kukaa.)

Nikabeba ordinatere na bafle dogo, ndio ushahidi wenyewe. Kwenye pikipiki niliipakata ile mashine kama mtoto, nimeifunika na upande wa kitenge isipate vumbi. Mwenye pikipiki akaniuliza kama kuna mgonjwa. Nikamwambia mgonjwa ni Bonane, na dawa yake naifuata.

Polisi alinipokea Inspekta, yule mtu mrefu aliyehamishiwa hapa kutoka upande wa Kabambare. Mimi namjua kwa salamu za barabarani tu. Ni mpole, anasema polepole, na juu ya meza yake kulikuwa na rozari karibu na funguo. Nilikaa, nikaeleza, naye akaandika.

"Mali gani iliibiwa, Mama?"

"Nyimbo, Shefu."

"Ngapi?"

"Zote."

"Na ni zako?"

"Zangu mwenyewe, Shefu. Jina yangu iko ndani ya kila moja."

"Uko na ushahidi?"

Nilitabasamu. Ushahidi nilikuwa nimeupakata mapajani. Akanigeuzia karatasi, nikatia saini kubwa, ile yenye mkia. Kisha akamtuma polisi mmoja kwenda kumleta Bonane.

Bonane akaja. Akavua kofia mlangoni, akamwamkia Inspekta, akaniamkia na mimi, akakaa kwenye benchi mikono imekunjwa. Heshima yake ile ilinichoma kuliko matusi.

"Haya, Mama," Inspekta akasema. "Tusikilishe."

Sasa hapa mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipojichimbia shimo kwa akili zangu zote. Nilifungua ordinatere, nyimbo zikajaa kwenye skrini, nikatafuta ya kumpigia. Nikaitazama ile rozari. Nikajiambia, huyu ni Mkristo na ni mtu mzima, nikimpigia hizi za kukata kiuno ataniona mhuni. Nimpigie ya kanisani, moyo wake ulainike, aandike vizuri. Nami nilikuwa nayo moja ya kwaya, nzuri sana, ya maombolezo, niliyoipata kwenye karte ya mteja. Watu wa vilio wananunua hiyo kuliko zote. Ya kwaya gani, sikuwahi kuuliza. Sisi wa msikitini Jumapili tuko sokoni, waimbaji wa misa tutawajulia wapi?

Nikabonyeza. Sauti nikaweka juu kabisa.

Kwaya ikaanza. Inspekta akaacha kuandika. Nikamwona amekaza macho kwenye bafle, midomo inacheza kidogo. Nikajiambia, nimempata. Kwaya ikapanda, ikashuka, halafu wote wakanyamaza ikabaki sauti ya mwanamume mmoja, nzito, yenye huzuni mpaka polisi wa mlangoni akavua kofia yake. Ikauliza: "Mama, leo nani ataniita tena..."

"Hii wimbo ni ya Mama Zuhura, Kasongo sokoni. Kwa mwingine ni ya wizi." Na jogoo akawika.

Nikamtazama Bonane kwa ushindi.

"Mama," Inspekta akasema, "huyu mwanaume mwenye kuimba, unamujua?"

"Hapana, Shefu. Ni mutu tu wa kwaya."

"Na hii wimbo, nani aliitunga?"

Mwenye akili angenyamaza hapo. Hata mwenye nusu ya akili. Mimi nilimnyooshea Bonane kidole, nikasema: "Shefu, si umesikia mwenyewe? Ni yangu."

Inspekta akaweka kalamu chini. Halafu akaimba. Palepale mezani, bila kupandisha sauti, akaanzia pale nilipomkata, akamalizia: "...nani ataniita tena kwa jina langu la utoto."

Ilikuwa sauti ileile. (Wanakundi, mimi nimezaa watoto wanne na sijawahi kutoka jasho la namna ile.)

"Ni miye," akasema. "Hii wimbo nilitunga mama yangu alipokufa, kule Kabambare. Tulienda na kwaya ya hapa Kasongo mpaka Kindu kurekodi, siku nzima kwa barabara, matope mpaka kwa magoti. Tukarudi tukasema tutauzisha karte watu wakitoka misa. Watu wakatuambia wanayo tayari. Mwezi uliopita nilienda kwa kilio kule Wamaza, wakaniomba niimbe, nikaimba. Muzee mumoja akanishika mukono akaniambia, mutoto wangu, unaimba muzuri sana ile wimbo ya Mama Zuhura."

Bonane akakohoa. Akakohoa tena. Akatazama ukuta.

Mimi niliona aibu, na si ile ya kuchekesha. Mama yangu mzazi nami nimemzika. Nikafikiria nyumba zote za matanga nilizozipelekea wimbo ule, watu wamekaa chini wanalia, na katikati ya kilio chao naingia mimi na soko langu na jogoo wa jirani. Nikataka kusema pole. Kilichotoka mdomoni ni hiki:

"Shefu, naondoa malalamiko yangu."

"Haiondoke vile, Mama. Umeshatia saini." Akainua karatasi, akasoma taratibu, kwa ile sauti ya kwaya: "Nyimbo zote ni zangu mwenyewe, na jina yangu iko ndani ya kila moja." Akamgeukia Bonane. "Na weye?"

Bonane akasimama, kofia kifuani.

"Shefu, miye sina wimbo hata moja. Zote ni za Mama. Kila nikipiga, sauti yake inasema vile."

Inspekta akatueleza sheria, sote wawili, bila kutufokea. Kwamba wimbo una mwenye kuutunga, na kuukuta mtandaoni au kwenye karte ya mtu hakuufanyi uwe wako. Kwamba kunakilia watu na kuuza bila ruhusa ya mtunzi ni kosa, linaweza kukuletea faini, linaweza kukupeleka gerezani, na vyombo vya kazi vinakamatwa. Na aliyenunua kwa mwizi akauza tena, naye si mtakatifu. (Bonane akaacha kukohoa.)

"Kwa hiyo hii mashine inabaki hapa," akasema.

Nikaikumbatia. Kweli niliikumbatia, kitenge cha sikukuu na vyote. "Shefu, hii ndiyo shamba yangu. Chakula ya watoto inatoka humu. Ukiichukua umenifunga na watoto wangu."

Akaweka kidole juu ya saini yangu.

"Kutunga iko shamba pia, Mama. Miye pia nililima."

Nikaiweka mezani, nikaifuta vumbi kwa mkono.

Alichoamua ni hiki. Mashine yangu italala polisi mpaka Jumapili; Bonane abaki na yake, ila ule wimbo wa kwaya aufute leo hii. Jumapili misa ikiisha, mimi na Bonane twende mbele ya kwaya nzima. Wao ndio wataamua: ama wapeleke shitaka mbele, mashine ichukuliwe kabisa na mimi niende gerezani, ama wanipe ruhusa niwauzie nyimbo zao, hesabu ikiwa wazi na jina likiwa lao. Yeye mwenyewe atasema neno kwa ajili yangu, kwa sharti moja.

"Sharti gani, Shefu?"

"Ile jogoo iondoke kwa wimbo ya mama yangu."

Nje, Bonane alikuwa ameshapata pikipiki. "Panda, Mama, twende wote." Nikakataa kwa hasira nikatembea kwa miguu kwenye jua mpaka sokoni, na bafle langu dogo begani. Kila mtu aliniuliza dawa ya Bonane imepatikana? Yule mwenye pikipiki wa asubuhi alikuwa ameshawaeleza wote.

Nikakaa kwenye kibanda changu kitupu. Ng'ambo, Bonane alifuta ule wimbo wa kwaya mbele ya macho yangu, kama alivyoambiwa. Halafu akafungulia zingine. Na kila baada ya muda kidogo soko zima linasikia kwamba hii wimbo ni ya Mama Zuhura. Asubuhi nilikuwa tayari kupigana ili jina langu libaki pale. Mchana huu kila nikilisikia, naona kama nanyooshewa kidole na polisi.

Nikavuka barabara. Safari hii nilitazama pikipiki.

"Bonane, ndugu yangu," nikasema chini chini, "ondoa sauti yangu kwa zile nyimbo."

Akashituka kabisa. "Kuondoa, Mama? Hapana. Miye naheshimu mwenye mali."

Nyumbani Baba Zuhura amenimiminia chai na hajaniuliza kitu. Hata swali moja fupi. Afadhali angeuliza.

Basi Jumapili nitavaa kitenge kilekile, niingie kanisani kwa mara ya kwanza maishani, nikae mbele kabisa ambapo kwaya itaniona vizuri. Niombeeni nirudi na mashine yangu. Ila msicheke, na mtu asiitume hii kwa mwingine, hata kwa dada yake. Safari hii nimetunga mwenyewe, kila neno, na polisi ni shahidi: hii habari ni ya Mama Zuhura, Kasongo sokoni. Kwa mwingine ni ya wizi.