Mwezi Mmoja na Gitaa la Mwiko

Leo sina pa kuuweka uso wangu. Ngojeni niwaambie mwenyewe, kabla mji mzima wa Tulia haujawaambia.

Kanisani kwetu kuna gitaa moja. Linafungiwa ofisini, na ufunguo anao Musyoka, mwalimu wa kwaya. Sheria yake: huligusi mpaka ujue kodi nne kwa kichwa. (Kodi za muziki. Zile za serikali ni kilio kingine.) Alinipa karatasi yenye michoro ya G, C, D na Em.

Gitaa la mazoezi sina. Lakini Mama ana mwiko mkubwa, ule wa kusongea ugali wa wageni. Mimi ni fundi wa nguo, kwa hivyo niliufunga nyuzi sita za cherehani, nikachora mistari kwa chaki, nikaanza kazi.

Mwezi mzima! Nikimpima mteja kiuno, vidole viko G. Wakati wa maombi, vidole viko D juu ya Biblia. Nikafika mahali nabadilisha kodi macho yamefungwa. Na vidole haviumi hata kidogo. (Hapo ndipo ningeshtuka.)

Jumapili hii ni sikukuu ya mavuno, na anatakiwa mpiga gitaa mmoja. Tulikuwa wawili: mimi na Kyalo, kijana wa duka la mbegu anayejua kodi mbili tu. (Musyoka alimsamehe zile mbili nyingine, maana hakukuwa na mwingine.) Nilisema mbele ya kwaya yote, "Kodi mbili ni za kubembelezea mtoto." Kisha nikaenda kushona mkanda wa gitaa kwa kitenge kile kile cha gauni langu la Jumapili. (Ndiyo. Kabla ya mtihani.)

Leo saa nane mchana ofisi ikafunguliwa. Kyalo akaanza. Akapiga kodi zake mbili taratibu, zikaisha. Nikampigia makofi ya huruma.

Nikafunga mkanda wangu kwenye gitaa, nikalivaa, nikafumba macho.

"Tunaanzia G," nikatangaza.

Kwanza, nyuzi ni za chuma! Hakuna aliyeniambia! Pili, ile sauti. Woi! Mama mmoja wa sauti ya pili alikuwa anakunywa chai, akaweka kikombe chini. Nikadhani ni woga, nikabonyeza kwa nguvu zaidi. Ikawa mbaya vile vile, ila sasa ilisikika hadi barabarani.

"Hii gitaa imeharibika," nikasema.

"Si Kyalo ametoka kuipiga saa hii?" Musyoka akauliza.

Kyalo akainama, akaangalia vidole vyangu. Kijana ana adabu, alinong'ona, lakini ofisi ni ndogo.

"Mama Mwende, ile uzi nono ndio ya kwanza kwa karatasi, inakaa huku juu. Wewe umeanza kuhesabu kutoka chini. Hiyo G umeishika kichwa chini miguu juu."

"Na C?"

"Hebu shika."

Nikashika.

"Hata hiyo."

Zote nne, jamani. Nyuzi za cherehani zina unene mmoja, na mwiko haukuwa na namna ya kunikosoa.

Kwaya ilijaribu kujizuia, lazima niwasifu. Halafu yule mama wa chai akashindwa, na wengine wote wakamfuata. Musyoka akampa Kyalo Jumapili. Nikataka kuufungua mkanda wangu, nikaona aibu imezidi, nikamwambia Kyalo akae nao. Hapo niliumia kweli, kuliko vidole.

Nyumbani nilimkuta Mama jikoni, nikamweleza yote.

"Lakini hapa ulikuwa unapiga tu vizuri," akasema.

"Mwaitu, mama yangu, hapa hakukuwa na sauti."

"Ndio nasema."

Mwiko umerudi jikoni. Gauni la Jumapili ni lile lile, sina lingine. Mtakaokuja kwa mavuno, msiulize mimi ni nani: ni yule mama aliyevaa sare na gitaa.